Trekta Linalokataa Mlima

Nyumbani,
Jumatatu

Kaka yangu mpendwa,

Pokea shikamoo yangu, na ukiisha kuipokea umgawie na wifi, ambaye mpaka leo namjua kwa sauti ya simu tu. Vipi hali zenu? Mtoto ameshaanza kutembea, au bado anasafiri kwa makalio? Na mgongo wako, ule uliokuwa ukilalamika kwa kushinda umeinama hapo kiwandani, umetulia? Sisi huku hatujambo. Mama yuko salama, anakula vizuri, anagombana na kuku wake asubuhi na jioni, na kuku wanashinda. Baba naye hajambo, isipokuwa mguu, ambao ukiona mawingu tu unaanza kumsimulia habari zake. Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo haikai mahali pamoja.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Tangu Jumamosi nimekupigia mara tatu, na mara zote tatu nikaishia kukuuliza kama huko kuna joto. Kwenye simu wewe una tabia ya kunikatiza, na mimi nikikatizwa tu napata kisingizio cha kunyamaza. Barua haina wa kuikatiza. Nakuomba uisome mpaka mwisho hata kama katikati utachoshwa na habari za nati na mipira, kwa sababu nina neno la kukuambia na njia ya kulifikia inapita humo humo kwenye nati. Uliponipa jina la Kiroboto hukunionea. Tangu nianze kuandika nimeshainuka mara mbili: mara ya kwanza kwenda kutazama sufuria jikoni, mara ya pili kuhakikisha kwamba nilikwisha kuitazama.

Habari kubwa ni trekta. Ndiyo, lile lile. Tangu siku ile ya mlimani, walipolikokota mpaka nyumbani na kulisukumia chini ya banda la mabati, hakuna aliyeligusa. Miaka sita kuku wametaga juu ya kiti chake na Mama ameanika maharage juu ya boneti. Shamba la chini tulikuwa tunalimiwa na yule bwana mwenye trekta la kukodi, lakini mwaka huu ameliuza akanunua lori, na sasa anabeba mchanga. Mvua ziko njiani, mguu wa Baba unasema hazipiti wiki mbili. Basi jioni moja tukiwa tunakula, Baba akatangaza kwamba tutaliamsha letu. Likikubali, tutalima kabla ya mvua. Likikataa, atamwita mnunuzi wa vyuma chakavu aje alikatekate, na shamba la chini lilale mwaka mzima. Mama alifurahi mpaka akamwongezea mboga bila kuombwa. Mimi nikasema nimeshiba.

Aliyeletwa ni Fundi Ngoja. Humjui, amehamia baada yako. Ni mzee mnene mwenye kaptura mbili, moja ya kazi na moja ya kwenda kununua vipuri, na watu wanamwita hivyo kwa sababu kila jambo analianza kwa kusema ngoja kwanza. Ukimsalimia, ngoja kwanza. Ukimpa chai, ngoja kwanza, ingawa hapo hangoji sana. Anaweka bisibisi kwenye injini, anaweka sikio kwenye mpini, anafumba macho, anasikiliza kama daktari. Baba alimpenda tangu saa ya kwanza, maana walikubaliana kwamba mafundi wa siku hizi hawajui kusikiliza.

Baba kwa kuwa hawezi kuinama, nikawa mimi ndiye mikono yake. Yeye aliketi kwenye stuli na fimbo yake, akinielekeza kwa ncha ya fimbo kama mwalimu wa jiografia. Kazi niliyopewa siku ya kwanza ilikuwa kumwaga dizeli iliyolala na kuosha tangi, wakati Fundi anahangaika na umeme. Vichwa vya betri vilikuwa vimeota ukungu wa kijani, na waya unaoshuka kwenye chasi umeliwa na kutu. Kwenye chujio la hewa nyigu walikuwa wamejenga na kuhama. Fundi akasugua, akakaza, akatia betri nyingine, akaniambia nipande nizungushe ufunguo.

Stata ilizunguka na kuzunguka, injini haikushika. Tukapumzisha betri, tukajaribu tena. Mara ya tano likapiga chafya, likatoa moshi mweupe ukafunika banda lote, kuku wakatawanyika, Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. Halafu likaunguruma. Kaka, Baba alicheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, akalipiga boneti makofi kama mtu anayempokea ndugu yake stendi. Sikumbuki mara ya mwisho kumwona Baba akicheka na meno yote. Likaunguruma dakika kumi hivi, kisha likaanza kukosa pumzi, likakohoa mara mbili, likazima.

Kuanzia hapo ndipo vilipoanza vitimbi. Kuwaka asubuhi ni kazi ya kutoa jasho, na likishawaka linakwenda vizuri kwenye tambarare, unaweza hata kujisahau ukaimba. Lielekeze kwenye mlima wa kijito, uliongezee mafuta lipande, hapo hapo linakata roho. Liache nusu saa, ukirudi linawaka kama si lenyewe lililozima. Fundi alisema hajaona mashine yenye tabia ya mtu namna hii, mzima wa afya mpaka aone kazi. Lakini alisema pia, na hapa aliacha utani, kwamba mashine ya dizeli ikizima hivyo ama inavuta hewa ama mafuta hayafiki, hakuna la tatu.

Basi tukaanza kutafuta hewa. Tukabadilisha machujio ya dizeli yote mawili. Akanifundisha kutoa hewa: unalegeza nati ndogo ubavuni mwa pampu, unapiga kile kijiti kwa dole gumba, taratibu, mpaka mapovu yaishe na dizeli itoke safi, halafu unakaza kabla hujaacha kupiga. Dole gumba langu lilivimba. Likawaka kwa urahisi kidogo, tukashangilia, likafika mlimani, likazima. Tukakuta mpira wa mafuta umepasuka karibu na kiungo, tukasema mwizi kapatikana. Mpira mpya, likazima. Fundi akatoboa kitundu kwenye kifuniko cha tangi ili kiweze kupumua, likazima vile vile. Baba alikuwa akitazama mawingu, anatazama trekta, anatazama mawingu. Hakugomba. Heri angegomba.

Kila tulipojaza mafuta, ile sheria yake ilikuwa pale pale. Unaikumbuka. Chujio la mdomo wa tangi lilitoboka sisi tukiwa wadogo, na tangu hapo dizeli haiingii mpaka ipite kwenye kitambaa kilichofungwa kwa mpira kwenye mdomo wa faneli. Fundi alicheka, akasema kote alikokwenda hajaona trekta linalonyweshwa uji wa mtoto mchanga. Baba akamjibu kwamba trekta hili lina njaa ya kila kitu isipokuwa uchafu. Mimi nilikuwa nimeshika faneli, nikamwagia dizeli kiatu cha Fundi.

Siku tuliyobadilisha ule mpira kuna jambo lilitokea ambalo sikulisema. Fundi alipouchomoa kwenye tangi, dizeli ilitoka kwa nguvu, ndoo ikaanza kujaa, halafu ghafla ikapungua ikawa inadondoka kama pua yenye mafua. Akakunja uso. Akauliza mbona hivyo, nikamjibu haraka kwamba mafuta yamebaki machache. Akaniuliza kama nililiosha tangi vizuri ile siku ya kwanza. Nikasema nililiosha. Akauliza tena kama nilitia mkono ndani. Nikasema nilitia mkono, nikafuta na pembe. Mzee wa watu akaniamini, akaniita binti mwenye akili.

Nilidanganya, Kaka. Siku ile ya kwanza nilifungua nati ya chini nikamwaga dizeli ya zamani, nikatazama iliyotoka, nikaona ni kutu na maji tu, nikafunga. Sikuchungulia. Sikutia mkono. Nilikuwa najua ninachoogopa kukikuta, nikajiambia kimeshaoza. Na lilipoanza kuzima nikajua hakijaoza, na bado nikamwacha mzee yule ahangaike na kila kitu isipokuwa tangi.

Alihangaika kweli. Alifungua nozeli zote, akavaa kaptura ya vipuri, akazipeleka mjini kupimwa, zikarudi na sifa. Akafungua pampu ndogo, akabadilisha ngozi yake ya ndani. Akaanza kuja asubuhi kabla hatujafagia uwanja, macho mekundu. Siku moja nilimsikia akimwambia Mama kule jikoni kwamba labda masikio yake yamezeeka, labda wakati wake wa kuacha kazi umefika na hakuna aliyethubutu kumwambia. Mama akampa chai, naye Fundi hakusema ngoja kwanza. Mimi nilikuwa nje naosha spana ambazo hazikuwa chafu, na nilitamani kujificha chini ya ndoo.

Ijumaa akashika kiuno, akasema ni pampu kubwa, imekwisha ndani, na kipuri chake hakipatikani tena. Baba akayatazama mawingu. Kisha akampigia simu mtu wa vyuma chakavu, akamwambia aje kesho. Na sasa nikuambie ukweli ambao ni mbaya kuliko uongo: nilipata nafuu. Nilikula chakula cha jioni vizuri. Niliona trekta linakatwa vipande, tangi linapondwa, linapakiwa kwenye lori, na kilichomo ndani kinakwenda nalo, kwisha habari yake.

Mtu wa vyuma alikuja Jumamosi asubuhi na mitungi yake ya gesi na buti za mpira. Hakuwa mtu mbaya. Alilizunguka trekta akiligonga kwa nyundo hapa na pale, akasikitika, akamuuliza Baba ni nini kimeua mashine nzuri namna hii. Baba akamjibu. Alisema halikuuliwa na uzee. Alisema liliuliwa na kijana wake wa kwanza, aliyelijaza dizeli chafu bila kuchuja kwa sababu alikuwa na haraka ya kwenda kuonana na msichana, likazimika mlimani, likarudi nyuma na tela la mahindi, na mguu huu nao ukavunjika siku hiyo hiyo. Alisema hivyo bila hasira, Kaka, kama mtu anayetaja mwaka nyumba ilipojengwa. Na yule bwana, ambaye hatumjui hata jina, akatikisa kichwa akasema vijana ndivyo walivyo.

Miaka sita Baba hajakutaja mbele yangu. Nilikuwa nimejidanganya kwamba kutokutaja ni kusahau. Kumbe habari yako ilikuwa imeshaiva, tayari kupewa mpita njia yeyote atakayeuliza.

Sijui miguu ilinipelekaje. Nilimwambia mtu wa vyuma asiwashe mtungi wake. Nikachukua spana, nikafungua nati ya chini, dizeli ikamwagika kwenye beseni la Mama la kufulia. Fundi alianza kusema ngoja kwanza, nikamwambia nimengoja vya kutosha. Nikalegeza mikanda miwili inayoshika tangi, yeye akanisaidia kulishusha, tukaligeuza. Nikakunja waya wa sengenge ukawa ndoana, nikautia kwenye mdomo, nikavua. Mara ya kwanza ukaja mtupu. Mara ya pili ukaja na kitambaa.

Kilikuwa kimegeuka rangi kama chai ya rangi, lakini maua yake bado yanaonekana, na pindo lake bado lina ule mshono wa Mama wa kurudia mara mbili. Mama ndiye aliyekitambua kwanza. Akasema hicho si kitambaa chako cha kichwa? Fundi yeye alikuwa ameshaelewa yake: alikitazama, akalitazama tundu la kutokea mafuta, akajipiga paji la uso. Mashine ikienda taratibu kitambaa kinaelea kando. Ukiiongezea mafuta ipande mlima, inavuta kwa nguvu, kitambaa kinakuja kinakaa kwenye tundu na kuliziba. Ikizima, uvutaji unakwisha, kinajiachia, kinaelea tena. Ndiyo maana nusu saa baadaye inawaka kama hakuna kilichotokea.

Sasa nimefika, Kaka. Asubuhi ile miaka sita iliyopita uliniambia nikujazie tangi kwa sababu ulikuwa unafunga tela na umechelewa. Kitambaa cha kuchujia Mama alikuwa amekifua, kilikuwa kinadondoka maji kwenye kamba. Nilijua sheria. Sikutaka kumwaga bila kuchuja, nikavua changu kichwani, nikakitandaza juu ya faneli bila kukifunga, maana nilikuwa na dumu zito mikononi na wewe ulikuwa unaniita nifanye haraka. Kilizama na mafuta mbele ya macho yangu. Nilitafuta kijiti, hakikufika. Nilisikia unaita mara ya pili. Nikafunga kifuniko nikakaza, nikajiambia kitambaa hakina madhara, si jiwe.

Hayo ni makosa ya mtoto wa miaka kumi na tano, na kama yangekuwa hayo tu ningeshayasema zamani. Lakini pale kwenye ukumbi wa hospitali, Baba akiwa ndani anafungwa mguu, Mama alitoka akauliza nani alijaza mafuta, maana Baba anasema injini imekufa kwa dizeli chafu. Wewe ulikuwa umeegemea ukuta, shati lina damu yake. Mimi ndiye niliyejibu. Nilisema ni Kaka. Na wewe ukanitazama. Si kwa muda mrefu. Ukatazama chini, ukasema ndiyo, ni mimi.

Mpaka leo sijui ulisema hivyo kwa nini. Labda uliona nilivyokuwa natetemeka. Labda ulidhani ni neno dogo, litapita Baba akitoka hospitali. Halikupita. Alikufukuza akiwa bado amelala kitandani, na ukaondoka na begi moja, na huyo msichana aliyesingiziwa ndiye wifi yangu, ambaye hajawahi kuingia kwenye nyumba hii kwa sababu ya sentensi yangu yenye maneno mawili. Na kila mwaka shule zilipofunguliwa, ulinitumia viatu. Vipya, vyeusi, vya saizi yangu kamili, sijui ulikuwa unaipataje. Nilivivaa, Kaka. Nilivisugua vikang'aa nikaenda navyo shule. Naona haya kwa uongo ule, lakini kwa vile viatu naona haya zaidi.

Yote haya niliyasema Jumamosi pale uwanjani, mbele ya Baba, Mama, Fundi na mtu wa vyuma, nimeshika kitambaa kinachodondoka dizeli. Sikulia. Nilikuwa naongea haraka haraka kama mtu anayekimbiza basi. Nilipomaliza, mtu wa vyuma alikusanya mitungi yake kimya kimya akaondoka bila kuaga, na Fundi akajitia kutafuta nati iliyopotea. Baba aliniuliza swali moja tu: kama wewe ulijua kwamba si wewe uliyejaza. Nikasema ulijua. Akainuka kwenye stuli, akaingia ndani.

Fundi alirudisha tangi, akatoa hewa, akawasha. Liliwaka kwa mzunguko mmoja. Akalipandisha mlima wa kijito, akafika juu, akageuza, akashuka, halikukohoa hata mara moja. Mzee wa watu alikuwa na haki ya kunitukana kwa siku zake zote alizopoteza na masikio yake aliyoyashuku. Alininyooshea kidole, akafungua mdomo, kisha akasema ataongea na mimi siku nyingine akiwa hana furaha.

Leo ni siku ya tatu. Baba anakula, anamjibu Mama, anasikiliza redio. Mimi hanisemeshi. Trekta zima liko uwanjani na hakuna anayelima, mawingu yanazidi. Nimefagia uwanja mara mbili leo. Nimefua nguo zilizofuliwa. Mama ananiambia nikae chini nitulie, nami nikikaa naona kama kiti kina moto. Sikuombi unisamehe kwa barua, maana msamaha wa barua nitausoma mara mia na sitauamini. Nataka tu ujue kwamba hukukosea chochote mlimani. Nimewaza mara nyingi kwamba labda nawe umekaa miaka sita ukijiuliza kama ni mikono yako, kama ulichelewa gia, kama ulikanyaga vibaya. Haikuwa mikono yako.

*

Nilitaka kuifunga barua hapo na kuipeleka posta jana. Haikwenda. Leo ni Jumatano, na kuna mengine.

Jana alasiri Baba aliniita. Nilimkuta amekaa kwenye ukingo wa kitanda, amevaa viatu. Akaniuliza kama ninakuandikia, nikasema ndiyo. Akasema kuna kitu nikiongeze, na nikiandike kama anavyokisema nisikipambe, kwa sababu yeye ulimi wake anaujua, ukifika wakati utamkwama. Anasema hivi. Injini ilizima kwa kitambaa changu, lakini trekta lilirudi nyuma kwa sababu breki hazikushika. Na wewe ulimwambia habari za breki mara mbili kabla ya mavuno, na mara zote mbili akakujibu kwamba baada ya mavuno. Anasema alilikumbuka hilo akiwa bado chini ya tela, kabla hata hamjamtoa. Anasema alihitaji mtu wa kulaumu asiyekuwa yeye, nikamletea mmoja, akampokea. Anasema mimi nilidanganya siku moja, nikiwa mtoto, na yeye akautunza uongo huo miaka sita akiwa mtu mzima kwa sababu ulimfaa.

Kisha akanishika kichwa, kama alivyokuwa akifanya tulipokuwa wadogo, akakitikisa kidogo. Ndipo nikalia. Nililia kwa sauti mbaya, Mama akadhani kuna aliyekufa.

Nilipotulia aliniuliza basi la kuja huko linaondoka saa ngapi. Nikamwambia safari ni ya siku nzima, na mguu ule haujakaa kwenye basi hata mara moja tangu uvunjike. Akasema anajua mguu wake. Nikamwambia barua itafika yenyewe, posta ipo. Akasema barua ataibeba yeye. Nikamuuliza na kulima je, mvua hizi hapa. Akasema Fundi amejitolea kuanza na nusu ya juu, na hiyo nusu ya chini itangoja iwezavyo. Kesho alfajiri Mama atamsindikiza stendi. Shati amepiga pasi mwenyewe, ameliunguza kola, na hataki kusaidiwa.

Basi nifunge. Mama anakusalimu sana, anamsalimu wifi, na anamwambia mjukuu wake kwamba bibi yupo na anamjua kwa jina. Fundi Ngoja, ambaye hajakuona, anakusalimu pia, anasema angependa kumwona mtu anayeweza kunyamaza miaka sita, maana yeye hawezi dakika sita. Nami nawasalimu nyote watatu, kwa upendo na kwa aibu yangu yote. Ukitaka kuja kunigombeza, njoo, nitakaa nikusikilize mpaka umalize, na sitainuka.

Kaka, aliyekuletea barua hii umeshamwona. Hajaisoma, alikataa, alisema ni yako. Ameniambia hataingia mpaka uimalize yote, na ukiimaliza ukafunga mlango ataelewa, atarudi stendi. Nami nimeandika ndefu namna hii, na yeye yuko hapo nje amesimama kwa mguu ule. Nisamehe kwa kuliweka neno hili mwisho. Mpe kiti.

Mdogo wako,
Kiroboto